Tuhame au Tuipanue Tuliyonayo?

Hotuba ya Kamati ya Ustawi kwa wanajumuiya, Sherehe za Uhuru, 9 Desemba

 

Katika nafasi hii miaka iliyopita mmesikia habari za 1961, na leo pia mmezisikia kwa wasemaji waliotutangulia. Sisi wa Kamati ya Ustawi tumeombwa tuzungumze jambo ambalo linatufikia kwa simu, msibani, harusini, hata mtu akiwa anasubiri sahani ya pilau. Swali lenyewe ni fupi: "Nyumba imetubana. Tuhame, au tubaki hapa hapa tuongeze chumba?"

Wengi wetu tuliingia Uingereza na begi moja. Tukaanza na chumba cha kupanga, jiko la kugombania na wenzetu watano. Kisha fleti. Kisha, kwa waliojaliwa, ile nyumba ya mstari iliyoshikana na jirani kushoto na kulia, vyumba viwili au vitatu juu, sebule chini, kiuwanja nyuma. Siku ya kukabidhiwa funguo tuliona tumepata ikulu. Leo watoto ni watatu, vitanda vya dabo deka vimefika mwisho wa uwezo wake, binti anafanyia kazi za shule kwenye ngazi, na bibi anatarajiwa kuja kukaa. Nyumba ni ile ile. Waliobadilika ni sisi.

Hatukuja kuwaambia hameni au msihame. Tumekuja kuwapangia hesabu mezani ili kila nyumba ijiamulie. Tunayoyasema ya kodi na sheria ni ya England. Wenzetu wa Scotland na Wales wana kodi zao za ununuzi wa nyumba na taratibu zao za ujenzi, wasichukue namba zetu kama zilivyo.

Kwanza, taja kinachobana

Mtu akituambia "nyumba ni ndogo," tunamuuliza: ndogo wapi? Saa ngapi? Kwa nani?

Mara nyingi jibu halihusu nyumba nzima. Ni asubuhi kati ya saa 1 na saa 2, watu sita na bafu moja. Au ni mtoto wa kiume na wa kike ambao umri hauwaruhusu tena kulala chumba kimoja. Au ni mzee ambaye goti halipandi ngazi na choo kiko juu. Au si chumba kabisa: ni kazi iliyo mbali, shule isiyoridhisha, jirani wa matusi, au mtaa ambao mtoto hatoki nje baada ya magharibi.

Haya ni maradhi tofauti na kila moja lina dawa yake. Bafu la pili hutibu foleni ya asubuhi, lakini hakuna fundi anayeweza kukujengea shule nzuri darini. Na kuhamia nyumba ya vyumba vitano hakumsaidii mzee wa goti kama vyote vitano viko ghorofani. Kwa hiyo kila mtu wa nyumbani, pamoja na watoto, aandike kwenye karatasi vitu vitatu vinavyomkera katika nyumba hii na vitatu ambavyo hataki kuvipoteza. Kisha zisomwe mezani. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Mkizisoma karatasi za watoto ndipo mtajua ndani mna nini.

Pili, hesabu ya kuhama

Tuchukue mfano. Familia inauza nyumba kwa pauni 350,000 na kununua nyingine kwa pauni 425,000. Wengi wakifikiria kuhama huona tofauti ya pauni 75,000 tu. Tuendelee kuhesabu.

Kuna kodi ya serikali ya ununuzi, ile tunayoiita stampu. Kwa viwango vilivyoanza 1 Aprili 2025, pauni 125,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 250,000 ni asilimia 2, yaani pauni 2,500. Kutoka 250,000 hadi 925,000 ni asilimia 5, na kwa mfano wetu, pauni 175,000 zilizobaki zinatoa pauni 8,750. Jumla ni pauni 11,250.

Dalali akitoza asilimia 1.2 ya nyumba unayouza, ni pauni 4,200, na VAT juu yake 840. Tuseme wanasheria wa kuuza na kununua ni 3,000, mkaguzi wa nyumba 700, gari la kuhamisha vitu 1,000. Ukijumlisha yote pamoja na kodi unafika pauni 20,990. Hizo zimekwenda, na hazikununua hata kigae kimoja. Pazia za nyumba mpya hatujazitaja.

Na ile tofauti ya pauni 75,000, kama imekopwa kwa miaka 25 kwa riba ya asilimia 5, ni kama pauni 438 kila mwezi juu ya unacholipa sasa. Hadi mwisho umelipa zaidi ya pauni 131,000. Riba hupanda na kushuka, lakini umri wa mkopaji unapanda tu. Mwenye miaka 48 anayeanza mkopo wa miaka 25 ajiulize atakuwa anafanya kazi gani akiwa na miaka 73.

Angalieni pia mkataba wa mkopo mlio nao. Ukiuvunja kabla ya muda wa riba maalumu kwisha, benki inaweza kukutoza adhabu. Baadhi ya mikopo huruhusu kuuhamishia nyumba mpya, lakini utapimwa upya uwezo wako wa kulipa kana kwamba ndiyo kwanza unaomba. Kama zamu za usiku zimepungua tangu ulipokopa, jua hilo kabla dalali hajachomeka bango mlangoni.

Nyumba ya kule inahesabiwa huku

Hapa tunaomba simu ziwekwe chini, maana jambo hili linatuhusu sisi kuliko majirani zetu.

Anayenunua nyumba huku akiwa tayari ana nyumba nyingine hutozwa asilimia 5 zaidi juu ya bei yote. Wengi wetu tunadhani "nyumba nyingine" ni ile iliyopo Uingereza. Sivyo. Sheria inahesabu nyumba popote duniani: Tabata, Tanga, Bububu au Mwanza, ikiwa thamani ya umiliki wako inafika pauni 40,000. Kwa viwango vya fedha vya miaka hii hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 100, na nyumba nyingi tulizojengea kwa jasho la huku zimeshapita hapo. Tena mke na mume wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mmoja. Nyumba ikiwa kwa jina la mume na mke ndiye anayenunua, kodi inawafuata vilevile.

Lakini msishtuke kabla ya kusikia nusu ya pili. Ukiuza nyumba unayoishi na kununua nyingine ya kuishi mahali pake, nyongeza hiyo haikuhusu hata kama una nyumba Tabata. Familia ya mfano wetu italipa 11,250 zile zile. Ikinunua mpya kabla ya kuuza ya zamani, italipa kwanza pauni 21,250 za nyongeza, jumla 32,500. Ikifanikiwa kuuza ile ya zamani ndani ya miaka 3, inaweza kudai irudishiwe nyongeza. Ila ikiamua kubaki na ile ya zamani ili ipangishwe, pesa hizo hazirudi.

Anayeumia zaidi ni mpangaji anayenunua kwa mara ya kwanza huku. Tuseme anapata nyumba ya pauni 320,000. Asiyewahi kumiliki nyumba popote duniani angelipa pauni 1,000 tu, kwa sababu mnunuzi wa kwanza hatozwi hadi pauni 300,000. Mwenye nyumba ya thamani hiyo Dar es Salaam si mnunuzi wa kwanza machoni pa sheria. Atalipa 6,000 za kawaida na 16,000 za nyongeza, yaani 22,000. Hata aliyewahi kumiliki nyumba kule na akaiuza zamani, ule unafuu wa mnunuzi wa kwanza hana tena, ingawa nyongeza haimhusu.

Kiwanja kitupu si nyumba. Nyumba ambayo bado inajengwa, au fungu la urithi ambalo ndugu hamjagawana, vina masharti yake. Mwambie mwanasheria wako ukweli wote kabla ya kusaini fomu. Kuficha ni kosa la kodi. Hatukusudii kumkatisha mtu tamaa ya kujenga nyumbani. Tunasema tu kwamba vijana wanaopanga kununua huku wajue mpangilio wa mambo: kipi kitangulie, na kwa jina la nani.

Tatu, hesabu ya kubaki

Sasa tugeukie fundi. Kubaki na kupanua kunaonekana rahisi: hakuna dalali, hakuna stampu, mtoto habadilishi shule. Lakini nako kuna milango minne ya kupita.

Mlango wa kwanza ni umiliki. Kama fleti yako ni ya lizi, yaani umeimiliki kwa muda na ardhi ni ya mwingine, usiguse ukuta wala dari bila idhini ya maandishi. Nafasi iliyo juu ya dari yako huenda si yako kabisa.

Mlango wa pili ni mipango miji. Nyumba nyingi zinaweza kuongezwa bila kuomba kibali kamili, ila kwa vipimo. Chumba cha ghorofa moja kwa nyuma kinaweza kutoka mita 3 kwa nyumba za mstari na nyumba pacha, na mita 4 kwa nyumba iliyosimama peke yake. Kuna utaratibu wa kufika mita 6 na mita 8, lakini huo ni lazima kaunsili ipewe taarifa kwanza na majirani waulizwe. Darini, nyumba ya mstari inaruhusiwa kuongeza ujazo wa mita 40 za mraba-tatu, yaani urefu mara upana mara kimo, na nyumba pacha au ya peke yake 50. Nyongeza ya paa aliyoifanya mwenye nyumba aliyekutangulia inahesabiwa humo humo. Fleti hazimo katika ruhusa hii, na mitaa iliyohifadhiwa kwa historia yake ina masharti makali zaidi. Hata kama huhitaji kibali, iombe kaunsili cheti kinachothibitisha kwamba kazi yako ni halali. Mnunuzi wa kesho ataulizia karatasi hiyo.

Mlango wa tatu ni kanuni za ujenzi, na huu si sawa na ule wa pili. Mkaguzi atataka kuona msingi, boriti za chuma, joto lisivuje, na zaidi ya yote moto. Nyumba ya ghorofa mbili ikipata chumba cha darini inakuwa ya tatu. Ngazi za kukimbilia lazima zilindwe, milango iwe ya kuzuia moto, na ving'ora vya moshi viunganishwe ili kimoja kikilia vyote vilie. Mtu akikwambia atakuwekea sakafu na kidirisha darini kwa wiki moja bila mkaguzi, anakuuzia ghala la vitu, si chumba cha mtoto kulala. Kazi ikiisha, dai cheti cha kukamilika. Ukikosa cheti hicho, siku ya kuuza wanasheria watakusimamisha.

Mlango wa nne ni jirani. Nyumba zetu zimeshikana, na Sheria ya Kuta za Pamoja ya mwaka 1996 inakutaka umpe jirani taarifa ya maandishi: miezi 2 kabla ya kuugusa ukuta mnaoshiriki, kwa mfano kuingiza boriti, na mwezi 1 kabla ya kuchimba msingi karibu na nyumba yake. Akikaa kimya siku 14, sheria inachukulia kuwa mna mgogoro, na wapimaji watateuliwa kwa gharama ambayo kwa kawaida ni yako. Ndiyo maana tunasema kabla ya barua peleka sambusa. Si rushwa, ni ujirani. Mpelekee mchoro, mweleze vumbi litakuwa lini na litakwisha lini.

Kuhusu gharama, hatutawatajia bei ya chumba cha darini, kwa sababu kila paa ni jingine. Chukueni makadirio matatu ya maandishi kwa mchoro ule ule, la sivyo mtakuwa mnalinganisha embe na nazi. Ulizeni kama VAT ya asilimia 20 imo ndani. Tengeni akiba ya dharura, kwa sababu nyumba ya zama za Malkia Victoria ikifunguliwa ukuta hutoa siri: waya za zamani, mbao zilizooza, bomba la maji machafu pale pale unapotaka msingi. Iarifuni bima ya nyumba, na mwenye mkopo pia. Na muulizeni dalali mmoja au wawili nyumba kubwa kuliko zote mtaani kwenu iliuzwa kwa bei gani. Ukitumia pauni 90,000 kwenye nyumba ambayo mtaa hautailipa hata nusu yake, umejenga kwa ajili ya raha yako. Si vibaya, mradi unajua.

Fundi wetu

Hapa tuna neno la nyumbani. Tunapenda kumpa kazi mtu wetu, na ni vizuri. Anatuelewa, hatushindani lugha, na pesa inabaki kwetu. Lakini undugu si mkataba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata akiwa shemeji, andikeni: kazi gani, vifaa vya nani, inaanza lini, inakwisha lini, malipo kwa hatua gani. Msilipe yote mbele. Malipo ya mwisho yasubiri cheti. Na punguzo la "nilipe mkononi bila risiti" msilikubali. Bila risiti huna dhamana wala ushahidi, na paa likivuja mwezi Februari mtapoteza paa na shemeji kwa pamoja.

Wasiomiliki nao wana njia

Si kila aliye ukumbini amenunua nyumba. Wengi wetu ni wapangaji wa kaunsili au wa mashirika ya nyumba. Mpangaji hawezi kubomoa ukuta, lakini si kwamba hana la kufanya. Mpangaji wa kudumu wa kaunsili ana haki, kwa Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985, ya kubadilishana nyumba na mpangaji mwingine kwa idhini ya mwenye nyumba, na idhini hiyo haiwezi kukataliwa ila kwa sababu zilizotajwa kisheria. Yupo mzee aliyebaki peke yake na vyumba vitatu asivyovihitaji. Yupo mwenye watoto wanne na vyumba viwili. Wakikutana, wote wawili wamepona.

Sheria hiyo hiyo inatambua nyumba iliyojaa kupita kiasi pale ambapo watu wawili wa jinsia tofauti, wenye miaka 10 au zaidi na wasio wanandoa, wanalazimika kulala chumba kimoja. Jihadharini na hesabu yake: hata sebule inahesabiwa kuwa mahali pa kulala. Vigezo vya kaunsili vya kugawa nyumba kwa kawaida ni vipana zaidi. Kwa hiyo mabadiliko yakitokea nyumbani, mtoto amezaliwa, mzazi amehamia, wapeni taarifa wahusika. Wale ambao viza zao haziwaruhusu misaada ya umma, muoneni mshauri wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

Wazee na ngazi

Waliotutangulia kufika nchi hii sasa wamezeeka. Wapo ambao watoto wao wanawasukuma wauze nyumba wahamie fleti ya chini, na wao hawataki, kwa sababu msikiti, kanisa, duka la unga na jirani wa miaka 30 wako hapo. Kabla ya kuwang'oa, jueni kwamba kaunsili ina ruzuku ya kurekebisha nyumba kwa wenye ulemavu. Kwa England inafika hadi pauni 30,000. Inaweza kulipia kiti cha kupandia ngazi, bafu la kuingia bila kuvuka kizingiti, choo cha chini, au mlango mpana. Mwenye nyumba na mpangaji wote wanaweza kuomba. Kipato hupimwa kwa mtu mzima, lakini ikiwa mwenye ulemavu ni mtoto wa chini ya miaka 18, kipato cha wazazi hakipimwi. Pia vifaa vidogo na marekebisho yasiyozidi pauni 1,000, kama vishikio vya ukutani, hutolewa bure kwa aliyepimwa akaonekana anahitaji.

Anzeni kwa kuomba mzee apimwe na idara ya huduma za jamii. Wala msianze kazi kabla ruzuku haijaidhinishwa, maana kazi iliyokwisha kuanza kwa kawaida hailipiwi.

Shule haingoji fundi

Wenye watoto wana kalenda mbili. Maombi ya shule ya sekondari hufungwa 31 Oktoba, na ya msingi hufungwa 15 Januari, mwaka wa kuanza shule. Tarehe ya kwanza imeshapita, ya pili iko wiki tano tu kutoka leo. Shule nyingi hupima umbali kutoka mlangoni kwako, na anwani inayohesabika ni ile unayoishi kweli. Kama sababu ya kuhama ni shule, hakikisheni funguo ziko mkononi kabla ya tarehe, na msomeni vigezo vya shule yenyewe, si maneno ya dalali.

Na mtoto aliye mwaka wa 10 au 11, tafadhali mfikirieni mara mbili. Shule mpya huenda inafuata bodi nyingine ya mitihani, au haina somo alilolianza. Chumba chake mwenyewe kinaweza kusubiri Julai. Mtihani hausubiri.

Neno kwa wasiokopa kwa riba

Wapo kati yetu ambao imani haiwaruhusu mkopo wa riba. Zipo taasisi nchini humu zinazonunua nyumba pamoja nawe, ukawa unalipa kodi ya sehemu yao huku ukiinunua kidogo kidogo, na sheria ya kodi inahakikisha hutozwi stampu mara mbili kwa mpango huo. Kama mnataka kupanua, ulizeni mapema, kwa sababu hapo mwenye nyumba mwenza ni taasisi na idhini yake inahitajika. Wengine hupanua kwa akiba, bafu mwaka huu, jiko mwaka kesho. Ndivyo tulivyojenga kule, tofali kwa tofali, na hakuna aibu kufanya hivyo huku.

Sasa tuamue vipi?

Baada ya yote haya, sisi tunaona mambo yanajipanga hivi.

Kama kinachobana ni kitu ambacho kuta zinaweza kukitoa, na nyumba ina pa kukiweka, na mtaa mnaupenda, anzeni na ukarabati. Kama kinachobana kiko nje ya kuta, yaani shule, kazi, usalama, au ndugu walio mbali, ukarabati utawacheleweshea tu safari. Na kama hamna hakika ya kuishi hapo hata miaka 5, msifanye lolote kubwa. Zibeni ufa, pakeni rangi, wekeni akiba.

Kuna na njia ya tatu ambayo mara nyingi inasahauliwa: kupanga upya mlicho nacho. Sebule ya mbele, ile ya wageni, yenye makochi yaliyofunikwa na kabati la vikombe ambavyo hatuvinywei, inakaliwa mara ngapi kwa mwezi? Bibi anaweza kulala pale na asipande ngazi. Mgeni wetu atakunywa chai jikoni na hatakasirika.

Na lipo swali ambalo mke na mume hulikwepa: tunarudi au haturudi? Wapo wanaokataa kutengeneza bafu la huku kwa miaka 20 kwa sababu "tunarudi mwakani," huku kila pauni ikienda kwenye ukuta wa uzio kule. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, hilo hatulipingi. Lakini watoto wanakua katika nyumba hii ya huku, si katika ile ya kwenye picha. Miaka yao ya kuoga kwa foleni ndiyo miaka yao ya utoto, hawatapewa mingine. Mkitaka kurudi, pangeni tarehe na hesabu. Msipopanga, basi kubalini kwamba mnaishi hapa na muishi vizuri.

Ninyi watoto na vijana mtakaosoma maneno haya gazetini, nanyi mna kazi. Ninyi mnaijua lugha ya barua za kaunsili kuliko baadhi yetu. Kaeni na wazazi wenu, wasomeeni masharti, wafungulieni ramani ya shule. Na msiseme tu "nataka chumba changu." Semeni kwa nini, na semeni mko tayari kuacha nini. Baba akijua kwamba unachokikosa ni meza na ukimya wa saa 2 jioni, huenda akaona njia ya kukupatia kabla ya kuona njia ya kununua nyumba.

Baadhi ya wazee waliopo hapa wanakumbuka miaka ya 1970, Operesheni Vijiji, familia zilipohamishwa kwenda kwenye vijiji vipya, nyingine kwa hiari na nyingine bila kuulizwa. Kila mmoja ana maoni yake juu ya siasa ile na leo si siku ya kuijadili. Ila waulizeni ilikuwaje kuacha mwembe ulioupanda mwenyewe. Watawaambia kwamba kuhama si kubeba vyombo tu. Sisi leo hatusukumwi na mtu. Tunaweza kukaa mezani, tukahesabu, tukaulizana, kisha tukakubaliana. Basi uhuru huo tuutumie, tusiuache mikononi mwa dalali wala kwa maneno ya "fulani amenunua vyumba vitano."

Kamati itakuwa kwenye meza iliyo karibu na mlango hadi hafla itakapokwisha. Tuna fomu ya hesabu ya ukurasa mmoja, upande mmoja kuhama, upande mwingine kubaki. Wapo wenzetu waliokwisha pita katika milango hii minne ambao wamekubali kuulizwa. Chukueni fomu, mkaijaze nyumbani kabla ya mwaka mpya, wote mkiwa mezani.

 Uhuru na Umoja.